Mashine Tatu Mbovu

Kamati ya Afya na Nidhamu ya Watumishi imejiridhisha, baada ya kupitia nyaraka zote zilizopo, kwamba watumishi wa hospitali hii hupimwa afya kila mwaka kwa umakini na kwa vifaa vinavyofanya kazi. Kwamba mtumishi anayehusika alipimwa miaka mitatu mfululizo na kukutwa wa kawaida. Kwamba chanzo cha ugonjwa wake hakijulikani. Na kwamba hakuna kumbukumbu yoyote inayoonyesha kuwa alikuwa mgonjwa kabla ya mwezi wa tatu mwaka huu. Kwa hiyo barua zake tatu za onyo kwa uzembe ni halali.

Tamko hilo lilikuwa na aya moja, mihuri miwili na nafasi ya kusaini kuthibitisha kwamba umelipokea, si kwamba umelikubali. Mtumishi anayehusika alisaini kwa mkono wa kulia. Wa kushoto alikuwa ameulaza mapajani, kama mtu aliyepakata mtoto wa jirani: kwa adabu, lakini bila kutegemea msaada wowote kutoka kwake.

Kazini anaitwa Dada Mkubwa. Ni kifungua mimba wa watoto sita, na jina alilopewa nyumbani na wadogo zake lilimfuata kazini, hata mlinzi wa getini anayemzidi miaka ishirini humwita hivyo bila haya. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na mbili. Kazi yake ilikuwa kukunja mashuka.

Hospitali kubwa haiendi bila mashuka, ingawa hajawahi kutokea mgonjwa aliyepona akaenda kumshukuru mkunja shuka. Chumba cha kufulia kiko chini, nyuma ya jiko, na madirisha yake yako juu karibu na dari, kiasi kwamba unachokiona cha dunia ni viatu. Huko ndani kuna mashine nne za kufua, moja ikiwa ya kutolea vipuri vya nyingine, kuna mvuke, kuna harufu ya dawa ya kuua vijidudu, na kuna meza ndefu iliyofunikwa blanketi lililoungua mahali pawili pa pasi. Shuka la wadi hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja hushika pembe mbili, wanalivuta likanyooka, wanalikung'uta mara moja, wanalikunja, kisha wanatembea kila mmoja kumwelekea mwenzake wakutanishe pembe. Halafu wanaachana kwenda kuchukua jingine. Kiwango ni mashuka mia tatu kwa zamu, maana yake watu hao wawili hukutana na kuachana mara mia tatu kwa siku, jambo ambalo ndoa nyingi zisingelimudu.

Mwenzake upande wa pili wa shuka alikuwa mwanamke aliyepachikwa jina la Kipaza, kwa kuwa hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Kwa wawili hao, mashuka mia tatu yalikuja kuwa mia mbili na sabini, halafu mia mbili na arobaini. Msimamizi wa dobi, bwana mmoja wa kalamu mbili mfukoni, alisimama mlangoni siku kadhaa kuchunguza tatizo liko upande gani. Aligundua kwamba upande wa Kipaza kulikuwa na kelele mfululizo, ambazo alizihesabu kuwa kazi, na upande wa Dada Mkubwa kulikuwa na mtu anayesimama kila baada ya mashuka manne au matano, mkono wa kushoto kiunoni, akitazama viatu dirishani.

Barua ya kwanza ilisema "uzembe". Ya pili, mwaka uliofuata, ilisema "uzembe wa kurudia". Ya tatu, iliyokuja mwisho wa mwezi wa pili mwaka huu, ilisema "uzembe uliokithiri", na kwa mujibu wa kanuni, jambo likishakithiri hakuna hatua iliyobaki ila mtu kufungasha. Kulikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Ikithibitika kwamba mtumishi alikuwa mgonjwa siku barua zilipoandikwa, barua hufutwa na mtumishi hupewa kazi nyepesi. Kazi nyepesi katika dobi ni moja: meza ya alama, ambapo mtu huketi kwenye kiti chenye mgongo na kugonga muhuri wa jina la wadi kwenye pindo la shuka. Inahitaji mkono mmoja. Dada Mkubwa alikuwa akiitazama meza ile kama wengine wanavyotazama kiwanja.

Ukweli ni kwamba alianza kuchoka miaka minne iliyopita. Kwanza zilikuja homa ndogondogo za jioni, akapungua mwili, akawa anaamka amelowa jasho kama aliyetolewa kisimani. Alitibiwa malaria ambayo haikuonekana kwenye kipimo, halafu taifodi ambayo ilionekana kidogo, halafu mawazo, ambayo hayapimwi. Baada ya miezi saba homa ziliondoka zenyewe na kila aliyemtibu akajipongeza kimyakimya. Uchovu ulibaki. Ulitangatanga mwilini kama mpangaji anayetafuta chumba, mwishowe ukahamia mkono wa kushoto. Kwenye shuka la kwanza mpaka la nne mkono ulikuwa wake. Kwenye la tano ulianza kuuma. Kwenye la sita ulikuwa wa mtu mwingine. Akipumzika dakika moja, unarudi. Na kwa kuwa ulikuwa unarudi, hakuna aliyeuamini ugonjwa wake, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Sasa kuhusu vipimo vya kila mwaka, ambavyo Kamati ilijiridhisha navyo.

Hufanyika mwezi wa pili, kwenye korido ya dobi, mbele ya meza ndogo ya nesi wa watumishi, mama mpole anayekaribia kustaafu, ambaye kila mtu kwake ni mwanangu. Ukutani juu ya meza ile pamebandikwa tangazo: PRESHA IPIMWE MKONO WA KUSHOTO. Sababu yake ni kwamba mkono wa kulia unahitajika kwa kusaini. Mwaka wa kwanza wa habari hii, Dada Mkubwa alikaa, akavishwa mkanda, na mashine ikaanza kuujaza upepo.

"Tulia mwanangu, usiongee."

"Siongei, mama."

"Mbona haisomi? Umeshtuka?"

"Nishtushwe na nini, mama, mkanda?"

Mashine ilivimba, ikaguna, ikanywea, ikaonyesha vistari vitatu. Nesi akarudia. Vistari. Akarudia tena. Vistari. Akamtazama aliyeketi mbele yake: mtu mzima, anapumua, anatabasamu, ana mashuka mia na ushee yanamsubiri. Nesi akafikiri kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angefikiri. Mtu aliye hai ana mapigo. Mashine haikuona mapigo. Kwa hiyo mashine ni mbovu. Hoja ilikuwa safi kabisa mpaka ulipofika mwisho wake.

Alibandika karatasi yenye neno "mbovu", akaipeleka stoo, na watu waliobaki kwenye foleni wakaambiwa warudi wiki ijayo, kwa sababu Kanuni ya Kumi na Nne inakataza kifaa kibovu kutumiwa kwa mtumishi mwingine, na nesi alikuwa mtu wa kanuni. Ilibaki fomu ya Dada Mkubwa. Fomu yenye nafasi wazi hurudishwa kutoka ofisini na maelezo makali. Kwenye nafasi ya presha, nesi aliandika: "Kawaida."

Mwaka wa pili ililetwa mashine mpya. Ilisoma watu kumi na tisa vizuri, ikafika kwa Dada Mkubwa, ikatoa vistari. Ikabandikwa karatasi. Kipaza, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, aliitangazia korido nzima.

"Jamani, huyu asipimwe tena katikati! Mwekeni mwisho. Anaua mashine!"

"Mwacheni mwenzenu," alisema nesi, lakini naye alicheka.

Basi mwaka wa tatu, yaani huu, aliwekwa mwisho kwenye foleni kwa usalama wa vifaa. Mashine ya tatu iliwasoma wote, ikafa mikononi mwake saa nane mchana. Utani ulikua. Akikaribia pasi, wanamwambia aipitie mbali. Lifti ikikwama, wanauliza Dada Mkubwa yuko wapi. Yeye alikuwa akicheka nao. Kucheka hakukuhitaji mkono wa kushoto.

Mwezi wa tatu, siku chache baada ya barua ya uzembe uliokithiri, alishuka dobi daktari mmoja mgeni, binti asiyefika miaka thelathini, kutafuta koti lake jeupe lililopotea kwenye ufuaji. Alisubiri kando ya meza. Alimwona Dada Mkubwa akikunja mashuka manne, akisimama, akiweka mkono kiunoni.

"Dada, huo mkono una nini?"

"Umechoka."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaanza kuvaa hilo koti unalolitafuta."

Daktari hakucheka. Aliushika ule mkono kwenye kifundo, akaweka vidole viwili, akasubiri. Akavisogeza. Akasubiri tena. Kisha akaushika wa kulia, na uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyebisha hodi nyumba mbili na kuitikiwa moja.

"Naomba ukae chini," alisema.

"Kwani amekufa?" aliuliza Kipaza.

"Hapana."

"Basi mwache tumalize, yamebaki sitini."

Hayakumalizwa. Dada Mkubwa alipandishwa juu, akawekewa kifaa cha kusikilizia shingoni na chini ya mtulinga, akapigwa picha, akatolewa damu, akapigwa picha nyingine. Baada ya wiki tatu aliitwa na kuambiwa aje na watu wake. Alikuja na mumewe, ambaye ni fundi bomba, na mama yake mzazi, ambaye hakuitwa lakini alikuja.

Daktari alieleza taratibu. Mishipa mikubwa inayotoka kwenye moyo kwenda mikononi na kichwani ilikuwa imevimba kuta zake. Ukuta ukivimba, njia ya katikati inakuwa nyembamba. Ule wa mkono wa kushoto ulikuwa umebanwa kiasi kwamba damu ilifika kwa njia za panya. Ndiyo maana mapigo hayakusikika, na ndiyo maana mkono ulichoka. Ugonjwa huo huitwa Takayasu, jina la daktari wa macho wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, aliyeeleza alichokiona bila kueleza kilitoka wapi. Waliokuja baada yake wamejua mengi zaidi, isipokuwa hilo.

Fundi bomba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza ukuta.

"Kwa hiyo ni kutu," alisema.

"Si kutu, shemeji. Kutu hukaa ndani ya bomba. Hapa bomba lenyewe limenenepa."

"Chanzo chake nini?"

"Hakijulikani."

"Daktari, mimi nikiitwa kwenye bomba lililoziba, mwenye nyumba lazima aulize chanzo."

"Na unamjibu nini?"

"Nikijua, nasema. Nisipojua, nasema mchanga."

"Wanakubali?"

"Mchanga haujawahi kukataliwa."

Daktari alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliye kwenye zamu ya pili. Halafu akawaambia kile kinachodhaniwa. Inaonekana kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huugeukia mwili wenyewe na kushambulia kuta za mishipa. Kwa nini ianze, hakuna ajuaye. Huenda kuna watu waliozaliwa na kitu fulani katika damu ya ukoo kinachowaweka karibu zaidi na ugonjwa, lakini si ugonjwa wa kurithiwa moja kwa moja kama pua au deni. Huenda kijidudu fulani kiliwahi kuingia, kikaiamsha kinga, kikaondoka, na kinga ikasahau kulala. Wanaougua wengi ni wanawake, tena vijana, na hilo nalo halijaelezwa. Hauambukizi. Hauletwi na kazi nzito, wala maji baridi, wala pasi.

Mama, aliyekuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti muda wote, aliuliza:

"Na kile kifua?"

"Kifua gani, mama?"

"Mimi niliugua kifua kikuu huyu akiwa na miaka saba. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Akaugua na yeye. Tulimeza dawa pamoja, tukapona."

Daktari aliweka kalamu chini. Alijibu polepole, kwa maneno aliyoyachagua.

"Mama, wapo watafiti waliodhani kuna uhusiano na kifua kikuu. Wengine wakatafuta, wakaona dalili. Wengine wakatafuta, wasione kitu. Watu wengi mno wameugua kifua kikuu na mishipa yao ni mizima. Na wapo wenye ugonjwa huu ambao hawajawahi kukohoa. Haijathibitishwa."

"Haijathibitishwa."

"Ndiyo, mama."

"Lakini haijakanushwa."

Daktari aliichukua tena kalamu, akaandika hilo nalo.

"Mama," alisema Dada Mkubwa, "Kamati inataka tarehe. Haitafuti mtuhumiwa."

Nyumbani, hata hivyo, mtuhumiwa alitafutwa kwa bidii. Shangazi yake alipiga simu kusema ni husuda, tena alijua ya nani. Wifi alisema ni kulalia ubavu. Mdogo wake wa tatu, aliyesoma kidogo mambo ya lishe, alisema ni sukari, kisha akasema ni chumvi. Jirani alisema ni ile tabia ya kuoga maji ya baridi akitoka kwenye mvuke. Dada Mkubwa aligundua kwamba kila chanzo kilichopendekezwa kilikuwa kitu alichokipenda, na kwamba tiba yake ilikuwa kukiacha. Aliacha chai ya sukari kwa siku nne, kwa ajili ya amani.

Vidonge alivyopewa vilishusha uvimbe wa mishipa na kuupandisha wa uso. Mashavu yalijaa, shingo ikajaa. Kazini waliompita kwenye korido walimwambia amenawiri. Msimamizi alimtazama akaandika kitu kwa mojawapo ya kalamu zake. Mtu anayenenepa wakati shauri lake la ugonjwa linaendelea hajitendei haki.

Alikata rufaa kwenye Kamati, na Kamati ikajibu kwa tamko lile la mihuri miwili. Ilibaki nafasi moja ya kusikilizwa ana kwa ana, ambapo kanuni inamruhusu mtumishi kuja na mwenzake mmoja. Alimchagua Kipaza, kwa sababu ndiye aliyekuwa zamu moja naye.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza iliyong'arishwa na chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Mwenyekiti alikuwa mwanamume mwembamba aliyependa kusema "kwa mujibu wa" na kupumzika kidogo, ili mujibu wenyewe upate nafasi ya kuingia. Nesi wa watumishi aliketi karibu na mlango na bahasha ya fomu. Katibu aliandika.

"Daktari ameandika, nanukuu, 'Huenda ugonjwa ulianza miaka mitatu au minne iliyopita.' Huenda," alisema Mwenyekiti. "Kamati haiwezi kufuta barua tatu kwa huenda. Chanzo?"

"Hakijulikani, Mwenyekiti," alijibu katibu.

"Jambo ambalo hatujui limetoka wapi, tutajuaje limefika lini?"

Dada Mkubwa aliomba ruhusa ya kusema.

"Mwenyekiti, hata mgeni akija kwangu naweza nisijue alikotoka. Lakini siku aliyomaliza sukari naijua."

"Iandikwe," alisema Mwenyekiti.

"Niandike sukari?" aliuliza katibu.

"Isiandikwe."

Mwenyekiti alisoma fomu tatu za vipimo, moja baada ya nyingine: kawaida, kawaida, kawaida. Alizipanga, akazigonga mezani ziwe sawa. Ilikuwa dhahiri kwamba anataka kufunga. Dada Mkubwa alianza kuuvuta mkoba wake kwa mkono wa kulia. Hapo Kipaza, ambaye alikuwa ameahidi kuwa kimya na alikuwa ametimiza ahadi kwa dakika ishirini, rekodi yake binafsi, alishindwa.

"Mwenyekiti, mimi sijui mambo ya mishipa. Lakini huyu barua ya kwanza aliipata mwezi ule ule alipoua mashine. Nakumbuka kwa sababu nilimwambia, wewe umeua mashine na sasa wanakuua wewe."

"Aliua nini?"

"Mashine ya presha. Ni utani tu, Mwenyekiti. Kila mwaka akipimwa inakufa. Kila mwaka! Ziko tatu sasa. Muulizeni nesi hapo."

Nesi alikuwa akifungua na kufunga kifuniko cha kalamu.

"Ni kweli zilikuwa tatu," alisema.

"Zilikuwa mbovu?"

"Niliona ni mbovu."

"Kwa sababu gani?"

"Hazikusoma."

"Hazikusoma kwa nani?"

Nesi alimtazama Dada Mkubwa. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko miaka yote mitatu ukiijumlisha.

"Kwa huyu."

"Na wengine?"

"Waliomtangulia walisomeka vizuri."

"Na waliomfuata?"

"Hatukuwapima, Mwenyekiti. Kifaa kibovu hakiruhusiwi kwa mtumishi mwingine. Kanuni ya Kumi na Nne."

Mwenyekiti, aliyeitunga Kanuni ya Kumi na Nne, alifungua chupa ya maji.

Aliitwa mtunza stoo. Alikuja baada ya nusu saa na daftari la vifaa vibovu, kubwa, lililofungwa kwa kamba ya bandeji. Alilamba kidole, akafunua, akasoma kwa sauti ya mtu anayetaja mizigo. "Mashine ya presha, moja. Imejaribiwa kwa mtumishi wa dobi, mara tatu, mkono wa kushoto. Haisomi. Ipelekwe kwa fundi." Akataja tarehe. Katibu akaitafuta barua ya kwanza ya onyo kwenye faili. Ilikuwa imeandikwa siku kumi na moja baadaye. Mtunza stoo akafunua mbele. Mashine ya pili, maneno yale yale. Barua ya pili ilifuata baada ya wiki tano. Mashine ya tatu, barua ya tatu, siku tisa.

"Na fundi alisemaje?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hazijaenda. Fundi husubiri zifike tano."

Mjumbe mmoja aliyekuwa amesinzia alitazama huku na huku kuona nani kafa. Nesi alisimama, akaketi, akasema polepole, bila kumlenga yeyote hasa, "Nilikuwa namwambia asiongee," kana kwamba hilo ndilo lililohitaji kuelezwa.

"Usijali, mama," alisema Dada Mkubwa. Alikuwa amechoka mno kukasirika, na kwa vyovyote vile, yule mama alikuwa mtu wa kwanza kumwandikia ugonjwa wake kwa kalamu, tarehe na sahihi. Aliuandika tu kwenye daftari la vitu.

Mwenyekiti aliagiza mashine zote tatu zipelekwe kwa fundi mara moja, bila kusubiri tano, na taarifa iletwe. Kisha akaahirisha. Alikuwa mtu mwerevu, na pengine aliona tatizo lilivyokaa. Mashine zikiwa mbovu, Kamati ilikosea iliposema vipimo hufanywa kwa vifaa vinavyofanya kazi. Zikiwa nzima, basi mkono ndio uliokuwa mgonjwa, na ilikosea palipobaki.

Kwa wiki mbili Dada Mkubwa aliendelea kukunja. Kipaza alianza kutembea yeye hatua zote, akamwacha mwenzake asimame mahali pamoja na kupokea pembe.

"Wewe kuwa ukuta tu," alimwambia. "Mimi nitakuwa mlango."

"Na msimamizi akiona?"

"Aone. Ana kalamu mbili, macho sijui."

Barua ilikuja siku ya kumi na tano. Ilisema kwamba Kamati haioni sababu ya kubadili tamko lake la awali. Hata hivyo, barua tatu za onyo hazikuonekana kwenye faili wakati wa mapitio, na barua isiyoonekana haiwezi kutumika. Kwa mahitaji ya idara, mtumishi anahamishiwa meza ya alama.

Dada Mkubwa aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, kwa mkono mmoja. Kesho yake aliketi kwenye kiti chenye mgongo akaanza kugonga mihuri. Kiwango cha meza ya alama ni mashuka mia nne. Kipaza alipewa mwenzake mwingine, mwanamume asiyeongea, na kwa wiki nzima alilalamika kwamba anakunja mashuka na kabati.

Jioni, nyumbani, mama yake alianza mtindo wa kukaa karibu naye na kumshika mkono wa kushoto kwenye kifundo, vidole viwili, kama alivyomwona daktari akifanya. Hukaa hivyo mpaka chai ipoe.

"Leo kama nausikia," husema.

"Huo ni wako, mama. Unasikia kidole chako."

"Hata kama."

Na Dada Mkubwa hamnyang'anyi mkono, kwa kuwa mkono ule kazi nyingine haukuwa nayo.

Taarifa ya fundi ilifika mwezi uliofuata, baada ya faili kufungwa, na mtunza stoo akaibandika kwenye daftari lake mahali palipostahili. Ilikuwa na mistari mitatu. Mashine ya kwanza, nzima. Mashine ya pili, nzima. Mashine ya tatu, nzima, imewekewa betri.